Nenosiri la Pili: Jinsi Ruta ya Nyumbani Inavyounganisha na Kulinda Kompyuta

Mwalimu aliniita jioni moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya juu ya ziwa. Tunaishi ploti moja hapa Migosi, Kisumu. Yeye yuko chini, mimi juu. Alifundisha hesabu katika shule ya msingi miaka mingi, na hata baada ya kustaafu hapendi jambo lisilojumlika. "Mwanangu," akaniambia, "kila mwezi nalipia intaneti ya kasi, lakini mjukuu wangu hamalizi somo moja bila picha kuganda. Hebu niangalizie hiki kidude."

Nikaunganisha laptopu ya mjukuu, nikafungua ukurasa wa ndani wa ruta yake. Kulikuwa na orodha ya vifaa vilivyounganishwa, jumla kumi na moja. Mwalimu ana vinne tu: simu yake, televisheni, laptopu ya mjukuu na tabuleti. Tukaitazama ile orodha kwa muda, kisha akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Hawa saba wameingiaje, na wanaona nini?"

Kumjibu kulihitaji kwanza tuelewane hicho kidude ni nini hasa. Tunakiita ruta, lakini ndani ya kile kisanduku cheupe kilichogongomewa ukutani mna vifaa kadhaa vilivyobanwa pamoja. Kimojawapo ni kigeuzi cha mwanga. Ule waya mweusi mwembamba unaotoka kwenye nguzo hadi dirishani umebeba uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na data hupita humo ikiwa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo hauji kwako peke yako. Njiani kuna kigawanyio kinachougawa kwa nyumba 32, mara nyingine 64, hivyo mapigo yaleyale ya mwanga hufika kwenye nyumba zote hizo. Kila kisanduku huchukua kilicho chake na kuacha cha wenzake, na mfumo una njia ya kusimba data ya kila nyumba kwa ufunguo wake ili jirani asiisome. Ukiona taa nyekundu iliyoandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa mno. Hapo kuzima na kuwasha hakusaidii kitu. Piga simu kwa kampuni.

Kutoka hapa Kisumu uzi huo unaungana na nyingine kubwa zaidi kuelekea Nairobi na Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 800 ukifuata barabara. Huko Mombasa ndiko zilikofikia kebo za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, na wanaoikumbuka intaneti ya wakati ule wanajua ilivyokuwa ikijikokota. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo Kisumu hadi Mombasa ni sehemu nne au tano tu za elfu moja ya sekunde. Nilimweleza Mwalimu hesabu hiyo kwa sababu watu wengi, intaneti ikikwama, hulaumu bahari. Aghalabu tatizo liko hatua tatu kutoka kwenye kochi.

Vifaa vingine ndani ya kisanduku ni swichi, yaani yale matundu manne ya nyuma unapochomeka waya wa kompyuta. Redio, ambayo ndiyo waifai. Na mwisho ruta yenyewe, ile sehemu inayoamua kila pakiti ya data iende wapi. Hii ya mwisho ndiyo inayofaa kueleweka vizuri, na mfano wake wengi wetu tuliokulia magharibi mwa Kenya tunao tayari.

Nyumbani hatukuwa na sanduku la posta. Barua zilikuja kupitia sanduku la shule au la kanisa: nambari moja ya S.L.P., na nyuma yake watoto mia sita, walimu, wapishi, hata wazazi wa kijiji kizima. Posta haikumjua yeyote kati yao. Ilijua sanduku tu. Kazi ya kujua barua hii ni ya nani ilikuwa ya karani wa shule.

Intaneti nayo iliishiwa na masanduku. Mfumo wa anwani uliozoeleka zaidi, ule wa nambari nne zenye nukta katikati, una anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. Lakini uhaba huo ulionekana mapema. Mwaka 1996 yalichapishwa makubaliano ya kutenga mafungu ya anwani za matumizi ya ndani ambazo hazitambuliki nje, mojawapo likiwa lile linaloanza na 192.168. Ndiyo maana kompyuta ya Mwalimu inaweza kuwa na anwani ileile ya kompyuta iliyoko Nakuru, Busia au Tokyo, na zisigongane. Hizo ni kama nambari za madawati darasani. Dawati la 12 lipo katika kila shule, na posta haina habari nalo. Ruta yenyewe ndiyo inayogawa madawati. Simu ikiingia inaomba anwani, inapewa moja kwa muda maalumu, kisha muda ukiisha inaomba tena.

Sasa tazama barua inavyotoka. Laptopu ya mjukuu, dawati la 12, inaomba ukurasa wa masomo. Ruta inaichukua barua hiyo, inafuta anwani ya dawati, inaandika anwani ya sanduku la nje, na kuongeza nambari ya mlango, tuseme 40,317. Milango hii inafika hadi 65,535. Kisha inaandika kwenye daftari lake: mlango 40,317 ni wa dawati la 12, na anayesubiriwa kujibu ni fulani. Jibu likirudi kwa mlango huo, karani anafungua daftari, anaona jina, anapeleka barua kwa dawati. Yote haya hufanyika mara maelfu kwa sekunde. Baadhi ya kampuni za intaneti hurudia mchezo huohuo kwa mara ya pili huko kwao, zikiweka wateja wengi nyuma ya sanduku moja kubwa. Ukiona kwenye ukurasa wa ruta kwamba anwani yako ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, ujue nawe uko kwenye dawati la mtu.

Mwalimu alinikatiza hapo. "Na ikija barua ambayo hakuna aliyeiandikia?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Haimo kwenye daftari, kwa hiyo inatupwa. Mashine za wadukuzi huzunguka intaneti usiku na mchana zikibisha kila mlango wa kila anwani, na barua zao zote zinaishia mikononi mwa karani asiyepata jina la kumkabidhi. Ulinzi mkubwa wa ruta ya nyumbani ndio huo: inakumbuka nani alitoka, na hairuhusu kuingia ila anayejibu. Daftari la anwani halikubuniwa kwa ajili ya ulinzi, faida hiyo ilikuja nalo tu. Mlinzi aliyewekwa kwa kusudi ni ngome, programu iliyomo ndani ya ruta inayofuata kanuni hiyohiyo ya kuruhusu majibu na kukataa wageni. Naomba usiizime hata ukishauriwa kwamba itaongeza kasi. Mfumo mpya wa anwani, IPv6, una anwani nyingi kiasi kwamba kila kifaa kinaweza kupata sanduku lake, na pale ambapo daftari halihitajiki tena, ngome ndiyo inayobaki peke yake mlangoni.

Kuna njia ambazo sisi wenyewe humwambia karani aache kuuliza. Mwenye duka Kibuye anafunga kamera na kutaka kuliona duka akiwa nyumbani. Fundi anaingia kwenye ruta, anafungua mlango mmoja uelekee moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodia, anaondoka. Mlango huo sasa uko wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilisambaa kwa kubisha vifaa vya namna hiyo, kamera, mashine za kurekodia na ruta, na kujaribu majina na manenosiri ya kiwandani yapatayo sitini. Haikuwa na ujanja mwingine. Ilikusanya vifaa vingi mno, na Oktoba mwaka huo vikaelekezwa kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Twitter, Netflix na nyingine nyingi zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida. Kama una kamera, muulize fundi alifungua mlango gani, na ubadilishe nenosiri la kamera yenyewe kabla hajashuka ngazi.

Lakini wale saba wa Mwalimu hawakutoka intaneti. Walipitia redio.

Waya una heshima yake: asiyeingia nyumbani hawezi kuuchomeka. Mawimbi ya redio hayajui ukuta. Ya masafa ya gigahezi 2.4 yanafika hata kwa jirani wa pili, ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini yanachoka upesi yakikutana na mawe. Kwa kuwa kila mwenye simu anaweza kuyasikia, lazima mazungumzo yasimbwe. Mfumo wa kwanza, WEP, ulivunjwa na watafiti mwaka 2001, na leo haufai kabisa. WPA2 ya mwaka 2004 ndiyo iliyoenea, na WPA3 ilifuata mwaka 2018. Ruta yako ikiwa na WPA3, chagua hiyo. Ikiwa haina, WPA2 bado inalinda, kwa sharti moja.

Sharti ni nenosiri. Kifaa kinapojiunga, kinasalimiana na ruta kwa salamu inayothibitisha kwamba kinalijua nenosiri. Katika WPA2, aliye karibu anaweza kuirekodi salamu hiyo, akaenda nayo kwake, na kujaribu manenosiri kwenye kompyuta yake bila ruta kujua chochote. Hapa ndipo naumizwa na mazoea yetu, kwa sababu nenosiri la nyumba nyingi ninazoingia ni nambari ya simu. Nambari ya simu ya Kenya ina tarakimu kumi, na mbili za mwanzo ni 07 au 01. Zinabaki nane. Nilimwachia Mwalimu afanye hesabu mwenyewe: milioni mia moja kwa kila mwanzo, jumla milioni mia mbili. Kadi moja nzuri ya michoro, ile ya wachezaji wa michezo ya kompyuta, hujaribu zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Dakika chache zinatosha. Maneno manne yasiyohusiana, ukichanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani, yanamshinda mdukuzi huyo, na mtoto anayakumbuka bila kuandika ukutani.

Kuna pia kitufe cha WPS, kilichokusudiwa kurahisisha kujiunga. Pamoja nacho huja nambari ya siri ya tarakimu nane, na mwishoni mwa 2011 ilibainika kwamba ruta nyingi huihakiki kwa vipande viwili. Badala ya kubahatisha mara milioni mia moja, mara 11,000 zilitosha. Zima nambari hiyo. Mimi huzima WPS yote.

Kwa Mwalimu hakuna aliyedukua chochote. Nenosiri lilikuwa limegawiwa. Kijana wa nyumba ya pili aliliomba afanye maombi ya chuo, dada wa saluni aliliomba siku bando lake lilipoisha, wapangaji waliohamia ng'ambo ya barabara walikwenda nalo. Mwalimu hakumkatalia yeyote, na simlaumu. Katika ploti zetu kumnyima jirani waifai ni kama kumnyima chumvi. Ila kuna mambo mawili ambayo anayegawa anapaswa kuyajua. Mosi, walio ndani ya ruta moja wako upande mmoja wa karani. Daftari na ngome havisimami kati yao, kwa hiyo simu yenye programu hasidi inaweza kuipapasa laptopu ya mjukuu moja kwa moja. Kusoma yanayoandikwa kwenye kurasa za benki haitaweza, maana hizo zimesimbwa toka kwenye kivinjari hadi kwenye seva, na ile kufuli ndogo ya kivinjari ndiyo ishara yake. Lakini inaweza kujaribu milango ya ndani. Pili, dunia inaona sanduku moja. Jirani akitukana mtu au kutapeli kupitia waifai hiyo, wachunguzi wakifuata anwani wanafika kwenye jina la mwenye akaunti, na tangu 2018 tuna sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao inayowapa sababu ya kuja kuuliza.

Suluhisho halimtaki mtu awe mchoyo. Ruta nyingi za sasa zina waifai ya wageni: jina la pili, nenosiri lake, ambapo wageni wanapata intaneti bila kuviona vifaa vya ndani. Tuliiwasha, tukaiwekea kikomo cha kasi, na jirani zake wakahamia huko. Nenosiri la wageni hubadilishwa kila mwisho wa mwezi. La nyumbani tulilibadilisha, na hapewi mtu.

Nilipomaliza hilo alidhani tumemaliza. "Bado la pili," nikamwambia. Akashangaa: la pili lipi?

Ruta ina manenosiri mawili. Moja ni la waifai, analolijua kila mtu. Lingine ni la kufungulia ule ukurasa wa mipangilio nilioingia mwanzoni, unaopatikana kwa kuandika kwenye kivinjari anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Niliingiaje? Jina na nenosiri vilikuwa vimechapishwa kwenye stika chini ya ruta, na ni vilevile vya maelfu ya ruta za aina hiyo. Ukivitafuta intanetini unavipata. Aliye na nenosiri la waifai yuko sebuleni. Aliye na hili la pili ndiye karani.

Na karani mwovu hahitaji kuiba chochote kwa nguvu. Kompyuta haijui majina ya tovuti, hujua anwani tu, kwa hiyo kila unapoandika jina ruta huuliza mtafsiri wa majina, anayeitwa DNS. Aliyeshika ukurasa wa mipangilio anaweza kubadilisha mtafsiri huyo. Unaandika jina sahihi la benki, unapelekwa kwenye ukurasa wa bandia uliofanana nao. Kivinjari kitakuonya kwamba cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, hakilingani. Ukionywa hivyo ukiwa nyumbani kwako, usibonyeze kuendelea. Mwaka 2018 ilifichuliwa programu nyingine, VPNFilter, iliyokuwa imejificha ndani ya ruta na vifaa vya kuhifadhi data visivyopungua 500,000, katika nchi nyingi, na iliweza kupekua data iliyokuwa ikipita. Nyingi ya ruta hizo zilikuwa na kasoro zilizokwisha kujulikana, ila programu zake hazikuwa zimesasishwa.

Kwa hiyo tulibadilisha nenosiri la pili, tukalifanya tofauti kabisa na la kwanza. Tukahakikisha usimamizi kutoka nje, yaani kufungua ukurasa huo kupitia intaneti, umezimwa. Tukatafuta sehemu ya kusasisha programu ya ruta. Ruta za baadhi ya kampuni hujisasisha zenyewe na hufunga baadhi ya mipangilio. Hapo unapiga simu unauliza, na ni haki yako kuuliza. Mwalimu aliandika yote kwenye daftari lake la zamani la mipango ya masomo, tarehe pembeni, kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Wakati huo ngurumo zilikuwa zimefika. Pembezoni mwa ziwa hili radi hatuzichezei, na kioo chenyewe hakipitishi umeme, lakini chaja ya ruta imechomekwa kwenye waya unaopitisha. Tukaichomoa, tukanywa chai gizani.

Asubuhi yake akanipigia kabla sijaamka vizuri. "Mwanangu, yupo mmoja amerudi."

Nikashuka. Kwenye orodha ya ndani, isiyo ya wageni, vilikuwapo vifaa vitano. Nenosiri jipya tulilijua watu wawili tu. Nilikiri moyoni kwamba niliingiwa na baridi. Tukavichunguza kimoja kimoja. Kila kifaa cha mtandao hutoka kiwandani na nambari ya alama kumi na mbili, tarakimu na herufi A hadi F, na sita za kwanza humtaja mtengenezaji. Televisheni ilijitambulisha, laptopu pia, tabuleti pia. Simu yake ilikuwapo. Ya tano haikuwa na mtengenezaji wowote, na alama yake ya pili ilikuwa herufi A.

Alama ya pili ikiwa 2, 6, A au E, nambari hiyo haikutoka kiwandani. Kifaa kimeitunga chenyewe. Simu za miaka ya karibuni hufanya hivyo ili wenye maduka na hoteli wasimfuate mtu kwa nambari moja kila aendako, na hutunga nambari tofauti kwa kila jina la waifai. Nikaichukua simu ya Mwalimu, nikafungua mipangilio. Ruta yake hutangaza majina mawili ya nyumbani, moja la gigahezi 2.4 na moja la 5. Usiku alikuwa ameunganishwa na moja akiwa sebuleni, asubuhi akaingia kwa lingine akiwa chumbani, na ruta ilikuwa bado inashikilia dawati la jana.

Nikalinganisha alama kumi na mbili, moja baada ya moja, yeye akisoma kwenye simu, mimi nikifuata kwenye laptopu. Zikalingana zote. Wa tano alikuwa yeye mwenyewe. Akachukua kalamu, akarudi kwenye ukurasa wa jana, akakata ile saba na kuandika sita.